Shamba la miti Mufindi: nifunge sensa za moshi au nilipie satelaiti?

Mpanda Misindano (4 Mei)

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, nina siku chache tu za kuamua.

Tuna shamba la miti kule Mufindi, tuko kikundi. Mwaka jana Oktoba moto ulitupitia, na hasara yake sitaki hata kuiandika. Safari hii tumesema kabla kiangazi hakijakaza tuwe na kitu cha kutushtua mapema. Nina profoma mbili mezani.

Ya kwanza ni sensa zinazofungwa kwenye mashina ya miti. Kila moja ina sola yake, inanusa moshi kabla moto haujawaka vizuri, halafu taarifa inakwenda kwa satelaiti mpaka kwenye simu zetu. Ya pili ni ya kulipia kwa mwaka, hufungi kitu chochote shambani. Satelaiti inaangalia yenyewe, ikiona moto inakutumia meseji.

Ya kwanza ni ghali mara nne ya ile ya pili. Sasa kama zote ni satelaiti, hiyo mara nne ni ya nini? Aliyewahi kutumia anisaidie. Muuzaji wa ile ya kwanza anataka jibu kabla ya Ijumaa, anasema bei inapanda.

Kijiwe cha Sita (4 Mei)

Sensa? Si tulishahesabiwa Agosti 2022 mkuu, au karani hakufika Mufindi?

fundi_masafa (4 Mei)

Mkuu, umeandika mengi ila yanayotakiwa umeyaacha. Hekta ngapi? Miti ina miaka mingapi? Mtandao wa simu unashika shambani, na unashika wapi, mlimani au bondeni? Usiku analala nani pale? Bila hayo kila mtu hapa atakupigia debe anachokipenda yeye.

Na mtu akikwambia bei inapanda Ijumaa, mpigie Jumamosi.

Dada wa Kilolo (4 Mei)

Ongezea hapo: mmepakana na nani? Kama jirani yenu analima mahindi na anaandaa shamba kwa kiberiti, mimi tayari ninajua moto wenu ulitokea wapi. Na mmepanda nini, misindano au milingoti?

Mpanda Misindano (5 Mei)

Samahani wakuu, nilikuwa na haraka. Ni hekta kama 110, vipande vitatu visivyogusana. Misindano ya miaka 6 hadi 9, kona moja tuna milingoti kidogo. Mtandao unashika ukipanda kilimani, ukishuka bondeni simu inakuwa tochi. Kuna kijana wetu anaishi pale na mkewe. Kikundi tuko 14, kumi tuko Dar.

Jirani wa upande wa chini analima mahindi na viazi. Dada umepiga mule mule, moto ulitokea kwake, kama saa 9 alasiri. Anasema ulimtoroka.

Kipanga77 (5 Mei)

"Ulimtoroka." Kila mwaka Oktoba unawatoroka, kama una miguu.

fundi_masafa (5 Mei)

Sawa, sasa tunaweza kuongea.

Hizo satelaiti mbili kwenye karatasi zako hazifahamiani. Moja ni mlinzi, nyingine ni tarishi. Kwenye profoma ya pili satelaiti ndiyo inayouona moto. Kwenye ya kwanza satelaiti haioni kitu, inabeba tu barua iliyoandikwa na sensa na kuipeleka mjini. Ndiyo maana bei hazifanani. Huku unanunua pua nyingi na tarishi, kule unanunua jicho la mtu aliye mbali sana.

Tuanze na hilo jicho. Picha za moto zinazotumika sana zinatoka kwenye kifaa kinachoitwa VIIRS, kimepanda satelaiti tatu: Suomi NPP ya 2011, NOAA-20 ya 2017 na NOAA-21 ya 2022. Kila kipande cha picha ni mita 375 kwa 375. Haina maana kwamba moto mdogo hauonekani. Ukiwa mkali utaonekana hata kama haujajaza kipande, ila utaambiwa uko ndani ya mraba huo, kazi ya kuutafuta ni yako. Zote tatu zinapita kwetu mchana kwenye saa 7 na kitu, halafu tena usiku saa hizo hizo. Sasa rudi kwenye moto wenu. Umeanza saa 9 alasiri, wakati mlinzi ameshapita na kwenda zake. Anarudi saa 7 usiku. Halafu data yenyewe inaweza kuchukua mpaka masaa matatu kuchakatwa na kutolewa. Meseji ingekukuta unakunywa chai ya asubuhi.

Na tahadhari hizo zinatolewa bure na NASA, kwenye mfumo unaitwa FIRMS. Unachora eneo lako kwenye ramani, unaandika barua pepe yako, basi. Muulize huyo wa profoma ya pili data anaitoa wapi. Akikwambia ni hiyo hiyo, anakuuzia maji ya mtoni.

Ipo nyingine, Meteosat, iko juu ya Afrika muda wote kwa umbali wa kama kilomita 36,000. Hiyo inapiga picha kila dakika 15, ile mpya kila dakika 10. Tatizo lake kipande kimoja ni kilomita kadhaa kila upande. Mpaka iuone moto wenu, kijiji kizima kimeshauona.

Mpanda Misindano (5 Mei)

Duh. Kwa hiyo sensa ndiyo jibu?

fundi_masafa (5 Mei)

Sijasema hivyo. Profoma imeandika sensa ngapi?

Mpanda Misindano (5 Mei)

24. Na boksi moja la kupokelea.

fundi_masafa (5 Mei)

24 kwa hekta 110, vipande vitatu. Hahaha. Watengenezaji wenyewe wa vitu hivi, kama wale Dryad wa Ujerumani, wanaongelea takriban hekta moja kwa sensa moja kwenye eneo la hatari. Sensa ya gesi inanusa kilichofika puani kwake. Upepo ukipeleka moshi upande wa pili, haijui lolote.

Jambo lingine ni huko kupeleka taarifa. Sensa hazizungumzi na satelaiti moja moja, ingekula betri na pesa. Zinatumia redio ya nguvu ndogo, LoRa, kupeleka kwenye boksi mama. Boksi mama ndilo linaloongea na dunia, kwa laini ya simu au kwa satelaiti. Makaratasi yanaandika LoRa inafika kilomita 15. Hiyo ni ukiwa juu ya mnara unatazama ziwa. Ndani ya misindano ya miaka 9 iliyoshonana, na bonde katikati, ukipata kilomita 2 kashukuru. Vipande vitatu visivyogusana, boksi moja? Sioni.

Umesema kilimani mtandao wa simu upo. Basi boksi mama likae kilimani na laini ya kawaida. Ya nini kulipia satelaiti wakati vocha ya mtaani inafanya kazi ile ile? Satelaiti ni ya mahali ambapo hakuna mnara kabisa. Mtandao kama Iridium, satelaiti 66, meseji moja inabeba baiti 340. Kuandika "moto, sensa namba 7, saa 9:12" inatosha na chenji inabaki. Lakini unalipa kila mwezi hata kama hakuna moto, na antena lazima ione anga wazi. Ukiificha chini ya matawi isiibiwe, imekwisha.

Na uliza kama kifaa kina kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Redio isiyo na kibali siku ikikamatwa, anayefungiwa ni wewe, siyo muuzaji.

Teknohama Kwanza (6 Mei)

Mnababaika na vitu vya zamani. Machi 2025 imerushwa satelaiti ya kwanza ya FireSat. Mpango ni zaidi ya satelaiti 50, kila mahali duniani paangaliwe kila dakika 20, na moto wa mita 5 kwa 5 uonekane. Subirini hiyo, sensa zote zitakuwa takataka.

Kipanga77 (6 Mei)

Moto wa Oktoba hii unasubiri na wewe?

Teknohama Kwanza (6 Mei)

Ninaongelea mbele kaka, ninyi mnaongelea vocha.

Mzee wa Lupembe (6 Mei)

Vijana, mimi nilinunua. Acheni nieleze, maana naona mnabishana kwa karatasi.

Shamba langu liko Lupembe, Njombe, hekta 31. Mwaka 2023 kampuni moja, jina naliacha, ikaniuzia sensa 20 na hilo boksi mnaloliita mama. Walikuja vijana watatu na gari zuri, wakafunga kwa siku mbili, wakanionyesha kwenye simu ramani yenye vidoti vya kijani. Kila kidoti mti wangu. Nikasema sasa nimekuwa mzungu.

Wiki ya kwanza saa 10 alfajiri simu ikalia. MOSHI, sensa namba 14. Nikamwamsha kijana wangu, akaenda na tochi na panga, baridi ya Juni mnaijua ya kwetu. Akakuta ni mama wa jirani anapika pombe ya komoni ya kuuza siku ya mnada. Kesho yake tena. Komoni. Nikawapigia wale wa kampuni, wakasema sensa inajifunza hewa ya mahali, nisubiri. Nikasubiri. Ikajifunza komoni, ikaanza kulilia tanuru la mkaa la ng'ambo ya mto.

Kufika Julai ukungu ukashuka, ule wa kukaa siku nne hujaona jua. Sola ya chini ya msindano inapata jua gani? Vidoti vikaanza kugeuka kijivu kimoja kimoja. Kijana wangu akawa anapanda na kitambaa kufuta sola umande na utomvu. Tatu zikatafunwa nyaya na ngedere. Mbili zikaondoka kabisa, nikaja kuiona sola ya moja imefungwa juu ya banda la kuku, inachaji tochi. Sikumlaumu, nilimwambia tu mwenye banda aniachie hata boksi lake.

Sasa sikieni hapa, maana nisiseme uongo, chombo chenyewe siku ya siku kilifanya kazi. Tarehe za mwanzo za Oktoba, saa 8:40 mchana, sensa namba 3 ililia. Ulikuwa moto kweli, warina asali walikuwa wamefukiza mzinga wakaacha mwenge chini. Meseji ilifika. Ilifika kwangu nikiwa Makambako msibani, simu nimeizima sauti kwa heshima ya marehemu. Ilifika kwa mwanangu Dodoma, akampigia kijana wa shamba, hapatikani. Kwa nini hapatikani? Simu yake iko dukani senta inachajiwa. Mwanangu akampigia mwenye duka, mwenye duka akampa mtoto simu aipeleke. Mtoto alifika saa 10 kasoro. Zimeungua hekta 6. Mtambo wa mamilioni, na tarishi wa mwisho alikuwa mtoto wa darasa la nne anakimbia na simu mkononi.

Zile sensa zilizobaki zipo stoo. Anayezitaka aje tuzungumze.

Dada wa Kilolo (6 Mei)

Shikamoo mzee, na pole sana. Hapo kwenye banda la kuku nimecheka, unisamehe.

Mzee wa Lupembe (6 Mei)

Marahaba binti. Hata mimi sasa ninacheka. Wakati ule sikucheka.

fundi_masafa (6 Mei)

Mzee, shikamoo. Hiyo ya sola chini ya miti ndiyo ninayowaambia watu kila siku. Zipo sensa zinazotumia kapasita badala ya betri ya lithiamu, zinaridhika na mwanga kidogo sana. Lakini siku nne za ukungu wa Lupembe ni mtihani kwa yeyote.

Halafu wangekuwekea king'ora kwenye boksi. King'ora hakihitaji salio.

Kipanga77 (6 Mei)

Tuwaambie na upande wa pili. Mimi ni wa Moshi. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulipoanza Kilimanjaro pale Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, hakuna aliyehitaji sensa. Usiku ule ukisimama mjini unaona mstari mwekundu mlimani kwa macho yako. Tulipanda kujitolea, tulikuwa mamia: askari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, wanavijiji, wapagazi. Kazi ilikuwa kufika, na maji huko juu ni ya kubeba. Unapiga kichaka kwa matawi mpaka kinazima, unageuka, mgongoni kwako kunafuka tena. Ulichukua siku na siku.

Agosti 2022 wakapeleka intaneti Horombo, mita 3,720. Oktoba ya mwaka huo huo mlima ukaungua tena, upande wa Karanga. Ninachosema ni kwamba kujua ni robo ya kazi.

Teknohama Kwanza (7 Mei)

Huwezi kulinganisha mlima na shamba la hekta 110. Shambani ukijua ndani ya dakika 10 watu wawili wanauzima na matawi. Ukijua baada ya saa mbili hata gari la zimamoto halikusaidii. Kwa hiyo kujua ni kila kitu.

Kipanga77 (7 Mei)

Watu wawili wako wapi? Kumi wako Dar.

Mpanda Misindano (7 Mei)

Jamani tusipigane mikwaju. Ila ni kweli tuko Dar.

Mkenya wa Rumuruti (7 Mei)

Hamjambo majirani. Huku Laikipia sisi shida yetu ni nyasi, si misindano, na kiangazi chetu kibaya ni Januari hadi Machi. Ranchi ninayofanya kazi walijaribu sensa wakaacha, wakaweka kamera juu ya jabali. Moja tu, inazunguka. Inaona moshi umbali mrefu, na programu yake ya akili mnemba inakutumia picha, unaangalia mwenyewe kama ni moshi ama ni vumbi la ng'ombe. Ile picha ndiyo raha yake, huendi kukimbizana na sufuria ya mtu.

Lakini kamera inataka intaneti ya kweli. Hiyo ya baiti 340 haitoshi hata ukucha wa picha. Sisi tuliweza kwa sababu Starlink, ile intaneti ya satelaiti, iliingia Kenya 2023. Na usiku wenye mawingu ama ukungu, kamera ni kipofu. Kwa Mufindi sijui.

Dada wa Kilolo (7 Mei)

Mufindi na ukungu ni ndugu wa tumbo moja. Ila ukungu mkubwa ni Juni, Julai, na majani yakiwa na ukungu hayawaki. Moto wetu ni Septemba mpaka mvua za Novemba, na miezi hiyo anga ni jeupe. Kamera naiona ina akili kuliko sensa. Afrika Kusini mashamba makubwa ya miti yanatumia kamera za minarani miaka mingi.

Mbena Ughaibuni (7 Mei)

Ninaishi Sacramento, California. Huku kuna mtandao wa kamera unaitwa ALERTCalifornia, kamera zaidi ya 1,000 milimani, mtu yeyote anaziangalia bure mtandaoni. Zimamoto wao tangu 2023 wanatumia akili mnemba kuzichungulia. Na bado mioto mingi wa kwanza kuisema ni mtu wa kawaida anapita na gari, anapiga simu. Tofauti ni kwamba akipiga, dakika chache ndege inamwaga maji. Ninyi mkipigiwa simu mnamwaga nini?

Kijiwe cha Sita (7 Mei)

Machozi.

Mzee wa Lupembe (8 Mei)

Huyo wa Sacramento ni Mbena wa wapi? Maana kwa Wabena moto una utaratibu. Zamani ulikuwa unachoma kando ya shamba mapema, Juni, majani yakiwa bado yana unyevu, moto unakwenda taratibu kama mgonjwa. Oktoba unapokuja ule mkali unakuta hakuna cha kula. Leo watu wanaogopa kiberiti Juni, halafu Oktoba wanakiachia.

fundi_masafa (8 Mei)

Mzee hapo tutapishana kidogo. Kuchoma mapema sawa kwenye nyasi. Kwenye misindano ya miaka 6 ambayo haijapunguziwa matawi ya chini, moto wa "taratibu" ukipata tawi moja kavu unapanda mpaka kileleni. Kwanza mpunguze matawi, halafu barabara za moto zilimwe mpaka udongo mtupu uonekane.

Mzee wa Lupembe (8 Mei)

Sikusema uchome ndani ya miti kijana. Nimesema kando. Soma.

fundi_masafa (8 Mei)

Umeshinda mzee.

Dada wa Kilolo (8 Mei)

Mpanda Misindano, barabara zenu za moto zina upana gani? Mwaka jana moto uliruka?

Mpanda Misindano (8 Mei)

Kusema kweli upande wa jirani haikulimwa mwaka jana. Pesa ilichelewa kuchangwa. Kulikuwa na majani mpaka kiunoni.

Dada wa Kilolo (8 Mei)

Na ulisubiri mpaka ukurasa huu ndiyo ukaitoa hiyo?

Kipanga77 (8 Mei)

Tumezungushwa satelaiti 66 kumbe ni jembe.

Teknohama Kwanza (8 Mei)

Barabara ya moto haikupigii simu. Hata ukilima mita 10, cheche za Oktoba zinaruka. Mnamkatisha tamaa mtu anayetaka kwenda na wakati.

Mbena Ughaibuni (8 Mei)

Mzee, mimi ni wa Ilembula. Nyumbani kabisa. Babu alikuwa na milingoti pale karibu na hospitali.

Mzee wa Lupembe (8 Mei)

Basi wewe ni mtoto wetu. Milingoti ilikausha chemchemi ya hapo, babu yako hakukwambia?

Kijiwe cha Sita (8 Mei)

Imeanza vita ya milingoti. Mimi nachukua karanga.

Mbena Ughaibuni (9 Mei)

Milingoti haikaushi chemchemi mzee, ni mahali inapopandwa. Ukipanda bondeni kwenye chanzo itakunywa maji, ukipanda mlimani shida iko wapi? Nguzo za umeme zinatoka wapi kama siyo huko kwenu?

Dada wa Kilolo (9 Mei)

Tuachane na milingoti. Hesabu yangu iko hivi. Hekta 110, watu 14. Chukueni FIRMS ya bure, mchore vipande vyote vitatu na kipande kikubwa cha jirani. Itawaambia asubuhi nani anachoma upande gani, hata kama imechelewa. Mimi kwangu mwaka jana ilinionyesha mtu anachoma kilomita 4 kutoka kwangu siku mbili mfululizo, siku ya tatu nikapeleka vijana mpakani kabla hajanifikia. Haikuniwahisha kwa dakika, iliniwahisha kwa siku.

Halafu kamera moja kilimani kama mtandao unatosha. Sensa chache mpakani kwa jirani tu, siyo shamba zima. Na jirani mwenyewe mumpe namba zenu, muende naye kwa mtendaji, akitaka kuchoma aombe kibali cha kijiji na vijana wenu wawepo. Gunia moja la mbolea kwake lina thamani kuliko sensa tano.

Mkenya wa Rumuruti (9 Mei)

Huyu dada ameongea vizuri. Lakini kamera iwe na mtu wa kuiangalia. Yetu ilikaa wiki mbili ikituma picha kwa barua pepe ya meneja aliyehama.

Mpanda Misindano (10 Mei)

Asanteni wakuu. Nimempigia muuzaji wa ile ya pili, nikamuuliza data anaitoa wapi. Alinyamaza kidogo akasema "vyanzo vya kimataifa". Nimemwelewa.

Yule wa sensa amepunguza bei asilimia 15 bila mimi kuomba. Mwenyekiti wetu sasa anasema tusiiache nafasi hiyo. Wengine wanasema kijana wa shamba anunuliwe simu yenye betri ya kukaa siku tano na sola ya nyumbani, na pampu nne za mgongoni. Kikao ni Jumapili Ubungo.

fundi_masafa (10 Mei)

Asilimia 15 bila kuomba. Jumapili omba uone.

Mzee wa Lupembe (10 Mei)

Kabla hamjanunua mpya, nina kumi na tano stoo. Nitakuuzia kwa bei ya kirafiki, na ngedere hawajazigusa.

Mtaji wa Njombe (13 Mei)

Nimesoma uzi wote. Swali: kwa nini mnahangaika na misindano? Vuneni, pandeni parachichi. Hass haiungui.

Dada wa Kilolo (13 Mei)

Haiungui nani kakudanganya? Njoo Kilolo nikuonyeshe.

Mtaji wa Njombe (13 Mei)

Namaanisha unamwagilia, chini kunakuwa kubichi, na mwaka wa tatu au wa nne unaanza kuchuma. Msindano unasubiri mpaka mtoto anamaliza chuo.

Kipanga77 (13 Mei)

Maji ya kumwagilia hekta 110 yatoke kwa nani?

Mtaji wa Njombe (13 Mei)

Siyo zote. Kile kipande cha bondeni ambako simu inakuwa tochi. Bondeni si kuna maji?

Mbena Ughaibuni (14 Mei)

Kama hajapanda milingoti, yapo.

Mzee wa Lupembe (14 Mei)

Nimeiona hiyo.

Mpanda Misindano (19 Mei)

Wakuu kikao kimefanyika, kimeahirishwa, tumefika 6 kati ya 14. Tulichopitisha ni pesa ya kulima barabara ya upande wa jirani kabla ya Juni kuisha, na simu ya kijana. Sensa na kamera kikao kijacho.

Mtaji wa Njombe, miche ya Hass iliyobebeshwa inauzwaje kwa sasa? Ninauliza tu.